Safari ya Bure

Uvimbe usiouma haumkimbizi mtu. Jipu lina haraka yake: linapwita usiku, linaleta homa, linamlazimisha hata mume bahili kutoa nauli. Jino likiuma, hakuna anayeuliza kama pana ulazima wa kwenda kuling'oa. Lakini uvimbe mdogo ndani ya titi, mgumu, usio na joto wala wekundu, unaweza kukaa na mwanamke msimu mzima wa pamba bila kumzuia kuinama, kubeba ndoo wala kunyonyesha. Hauchukui chochote ila utulivu wa moyo, na huku kwetu Bariadi utulivu wa moyo haujawahi kuwa sababu ya kumtoa mtu shambani.

Nimekulia Usukumani, nikajifunza mapema kwamba maumivu ndiyo kibali. Mtoto akilia usiku kucha, baba atatafuta bodaboda. Mama akishindwa kuamka, kuku watauzwa, na hali ikizidi, ng'ombe atapelekwa mnadani. Ila anayetembea, anayepika na kucheka na majirani ni mzima, na mzima huenda hospitali kwa mambo mawili tu: kumwona mgonjwa, au kuhudhuria kliniki akiwa na mimba. Huo si ujinga. Ni hesabu ya watu wenye fedha kidogo na shida nyingi, wanaotumia maumivu kupanga foleni: kinachouma zaidi ndicho kinachotangulia. Kwa malaria, kwa uzazi uliokwama, kwa aliyeumwa na nyoka, hesabu hiyo imeokoa wengi. Inakwama kwa ugonjwa usiopiga hodi. Saratani ya matiti, katika hatua zake za mwanzo, kwa kawaida haiumi. Inapoanza kuuma, mara nyingi imeshavuka pale ilipoanzia.

Kivimbe changu nilikikuta nikioga. Wengi hukikuta hivyo, maana mkono wenye sabuni hupita kila mahali bila kuulizwa unatafuta nini. Kilikuwa upande wa juu, kuelekea kwapani: kidogo, kigumu, kinateleza kila nilipokibana kwa kidole. Niliyemwambia kwanza ni mama yangu mkubwa.

"Kinauma?" aliniuliza.

"Hapana, mama."

"Basi kiache, mwanangu. Kisichokuuma usikichokoze."

Alisema kwa mapenzi, na kwa busara iliyomvusha misimu mingi ya njaa na homa. Palepale sikuwa na la kumjibu. Tangu siku ile nimekuwa nikimtafutia jibu linalomstahili, lisilomfanya aonekane mshamba, kwa sababu si mshamba.

Nianze na upande unaompa haki. Uvimbe mwingi wa titi si saratani, hasa kwa mwanamke aliye chini ya miaka 40. Upo uvimbe wa nyama na nyuzi unaowapata wasichana na wanawake vijana, mgumu lakini laini pembeni, unaokimbia chini ya kidole. Ipo mifuko ya maji inayojaa na kupungua kadiri mwezi unavyokwenda. Lipo jipu la mama anayenyonyesha, linalokuja na homa na maumivu ya wazi. Titi lenyewe hubadilika: siku chache kabla ya hedhi hujaa na kufanya mabonge, kisha hutulia. Ndiyo maana wauguzi humshauri mwanamke ajiguse siku chache baada ya hedhi kwisha, na aliyekoma hedhi ajichagulie tarehe moja ya kila mwezi. Aliyekuta kitu kabla ya hedhi anaweza kungoja ipite, aguse tena. Kungoja huko kuna mwisho unaojulikana, na ndivyo nilivyofanya.

Hedhi ilipita, kitu kikabaki. Kuanzia hapo busara ya nyumbani inafika ukingoni. Hakuna mkono wa nyumbani, uwe wa mama mkubwa au wa mwenye mwili, unaoweza kusema kwa hakika kilichopo ni kipi. Hata mkono wa daktari hausemi peke yake. Ni hivyohivyo titi likibadilika umbo, ngozi yake ikivutika au kuwa nene, chuchu iliyokuwa nje ikiingia ndani, ikatoa majimaji yenye damu, au kwapani pakiota tezi isiyoondoka. Kila moja kati ya hayo linatosha kumtoa mtu nyumbani, likiuma lisiume. Ujana nao si kinga: katika Afrika wastani wa umri wa wanaogundulika na saratani hii ni mdogo kuliko Ulaya. Wala uanaume si kinga kamili. Katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya matiti duniani, karibu mmoja ni mwanamume.

Kwa nini basi mtu mwenye akili timamu akae na kitu hicho kimya? Watu wa mjini hujibu haraka: umaskini, elimu ndogo. Jibu hilo lina ukweli, ila kuna mwanamke mmoja wa kale analivuruga. Herodotus, aliyeandika historia yake katika karne ya tano kabla ya Kristo, anasimulia habari za Atossa, binti wa Cyrus na mke wa Darius, mfalme wa Uajemi. Aliota uvimbe katika titi. Ulipokuwa mdogo aliuficha kwa haya, asimwambie mtu. Ulipopasuka na kuanza kuenea ndipo alipomwita Democedes, tabibu wa Kigiriki aliyeletwa pale kama mateka, na kwa mujibu wa simulizi hiyo akamponya. Atossa hakukosa nauli, hakukosa tabibu, hakuwa na pamba ya kuvuna. Alikosa pa kuanzia kusema. Miaka 2,500 baadaye, mwanamke wa Lagangabilili, huku kwetu, anafunga khanga yake kifuani kwa haya ileile. Titi ni la mtoto na la mume. Kulifunua mbele ya kijana mwenye koti jeupe, asiyejua hata ukoo wako, ni jambo ambalo hakuna aliyemwandaa nalo. Anaweza kuomba ahudumiwe na muuguzi wa kike, anaweza kuomba aingie na dada yake, na hayo ni maombi ya kawaida. Lakini ni nani aliyewahi kumwambia kwamba yanaombwa?

Hata hivyo nadhani kuna kinachotufunga zaidi ya haya hiyo, nacho ni ushahidi wa macho. Hapa Tanzania karibu wanawake 8 kati ya 10 wanaogundulika na saratani ya matiti hugundulika ikiwa imefika hatua ya tatu au ya nne. Itazame takwimu hiyo kwa macho ya kijiji. Mwanamke anakwenda hospitali titi likiwa limeshakuwa kidonda. Anapewa rufaa, anakatwa, anarudi amekonda, na kabla mwaka haujaisha watu wamekaa matanga. Kijiji kimeona nini? Kimeona mtu aliyekuwa akitembea kwa miguu yake akaenda hospitali, akapigwa kisu, akafa. Kutoka hapo hadi kusema kwamba kisu ndicho kilichousambaza ugonjwa si mbali, na kila anayesema hivyo ana marehemu wa kumtaja kwa jina. Madaktari wanaeleza kwamba kuchomwa sindano na kutolewa kinyama cha kupima hakusambazi saratani. Wanasema kweli, lakini wanabishana na makaburi. Waliochelewa wanakufa, vifo vyao vinafundisha woga, na woga huo unawachelewesha wanaofuata.

Na waliopona wako wapi? Wapo, ila hawaonekani. Aliyetolewa uvimbe mdogo mapema ana kovu linalofichwa na blauzi. Anarudi sokoni kuuza dagaa wake, na kwa kuwa anaogopa kuitwa nusu mwanamke, au kuachwa, hasemi. Hivyo ugonjwa huu unapeleka mashahidi wa upande mmoja tu: wafu wanasema, walio hai wananyamaza. Mwaka 2012 Beth Mugo, aliyekuwa waziri wa afya ya umma wa Kenya, alitangaza hadharani kwamba amepatikana na saratani ya matiti. Alitibiwa, akarudi katika siasa, akawa seneta. Waziri ana vipaza sauti na ana namna ya kufika kwenye matibabu ya mbali. Lakini alichofanya kwa kinywa chake hakihitaji uwaziri. Mwanamke mmoja wa Dutwa au Mwanhuzi, akisimama katika kikao cha vikoba na kusema, "Nilikuwa nacho, nikaenda mapema, na mnaniona," angefuta woga ambao mabango ya barabarani hayajaufuta.

Katikati ya nyumba na zahanati yupo mganga. Sitamcheka. Anafikika kwa miguu, anakusikiliza hadi mwisho, anakubali kulipwa pamba ikiuzwa, na anajibu maswali ambayo daktari hayagusi: kwa nini wewe, na nani kakufanyia. Swali la pili ndilo linalonitisha. Katika nchi ya Wasukuma tunajua ugonjwa unaotafutiwa mwenyewe huishia kwa nani. Huishia kwa bibi kizee anayeishi peke yake, mwenye macho yaliyopigwa wekundu na moshi wa miaka mingi ya kupikia kuni na samadi. Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928. Januari 2015, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Amri hazijaliua swali, kwa sababu linazaliwa upya kila mtu anapoumwa na asielezwe kwa nini. Anayetoa mizizi ya tumbo ni jirani kama jirani mwingine. Anayetoa jina la mtu ni jambo jingine. Uvimbe mmoja ukipelekwa kwake unaweza kuua wanawake wawili: mmoja kwa kuchelewa, mwingine kwa panga.

Halafu kuna kalenda. Mbegu ya pamba huingia ardhini Novemba na Desemba, inafuata palizi, kupulizia dawa, kisha kuchuma, kazi ambayo sehemu kubwa inafanywa na mikono ya wanawake. Soko hufunguliwa karibu Mei, na kwa miezi michache mkoa mzima unanusa fedha. Fedha hiyo hupitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na jina lililo kwenye daftari mara nyingi ni la mwanamume, hata pale mgongo uliouma ulikuwa wa mkewe. Oktoba, mwezi ambao dunia huvaa pinki kuhimiza wanawake wajichunguze, hapa kwetu ni mwezi wa kusafisha mashamba na kutazama mawingu, mifuko ikiwa imeshakauka. Mwanamke anahimizwa aende hospitali katika mwezi ambao hana hata ya bodaboda. Ningependa hamasa hiyo ije Juni na Julai, kwenye vituo vya kununulia pamba, ambako mume, mke na fedha wanakutana mahali pamoja kwa siku moja.

Na pale kituoni ningemkumbusha mkulima jambo analolijua kuliko daktari. Ifikapo Septemba 15 kila mwaka, masalia ya pamba yanatakiwa yawe yameng'olewa na kuchomwa, ili wadudu wasipate pa kuvukia msimu. Hakuna anayengoja kumwona mdudu. Mtu anang'oa shamba ambalo kwa macho halina tatizo, anatoa jasho, anachoma. Mwakani shamba likiwa safi hasemi kazi ile ilikuwa bure. Anajua kwamba shamba safi ndilo lilikuwa lengo. Tunayo tayari akili ya kutenda kabla ya maumivu. Tumeipa pamba, tukasahau kuwapa wake zetu, dada zetu na sisi wenyewe.

Kwenda kwenyewe kumekuwa kwepesi kuliko zamani. Bariadi ilikuwa wilaya ya mkoa wa Shinyanga hadi mwaka 2012, Simiyu ilipofanywa mkoa ukiwa na Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na mji wetu ukawa makao makuu. Leo hospitali ya rufaa ya mkoa iko hapahapa, Nyaumata. Chini yake kuna hospitali za wilaya, vituo vya afya na zahanati za vijijini, na zahanati ndiyo pa kuanzia. Juu yake kuna Bugando, Mwanza, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 na inayohudumia Kanda ya Ziwa. Kwa miaka mingi aliyehitaji tiba ya mionzi alilazimika kuvuka nchi hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Sasa mionzi inatolewa Bugando pia. Kutoka Bariadi hadi Lamadi ni kilomita 70 na ushei za lami, kisha unashika barabara ya Mwanza kupitia Magu, ziwa likiwa mkono wako wa kulia.

Lakini barabara ya lami haimalizi safari. Kadi ya CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii iliyokuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6 kwa mwaka, ilimfikisha mtu hadi hospitali ya mkoa. Zaidi ya hapo ilikuwa mfuko wake, au ng'ombe wake, au ng'ombe wa shemeji. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na mwanamke mwenye uvimbe ana sababu zake za kuipimia sheria hiyo kwa jambo moja: itamfikisha Mwanza au haitamfikisha.

Njiani pia kuna kupotea. Uchunguzi wa titi unasimama juu ya vitu vitatu: mkono wa daktari, picha ya altrasaundi au mamografia, na kinyama kinachotolewa kwa sindano kikasomwe na mtaalamu. Mara nyingi vitatu hivyo havipatikani chini ya paa moja. Kinyama chaweza kusafiri peke yake, majibu yakakawia, simu ikabadilishwa laini, na mwanamke akachukulia ukimya kuwa ndilo jibu. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa mwaka 2021 kuhusu saratani ya matiti, limeweka kipimo: tangu mwanamke afike kituo cha kwanza hadi apate jibu kamili, zisipite siku 60. Mgonjwa hawezi kuisimamia hospitali, ila anaweza kutotoka chumbani kabla hajauliza: majibu yanatoka lini, nani atanipigia, na nikitoka hapa ninakwenda wapi.

Mimi niliuliza. Daktari aliyenipokea alikuwa binti wa umri wa mdogo wangu wa mwisho. Alinawa mikono, akaipasha joto kwa kuisugua, akanigusa titi lisilo na kitu kwanza, kisha lenye kitu, kisha kwapani.

"Mama, kinauma?"

"Hapana."

"Vizuri umekuja."

Swali lilikuwa lilelile la mama mkubwa. Kwa mmoja, kutouma kulikuwa sababu ya kubaki, na kwa mwingine kulikuwa sababu ya kuwahi. Nilipigwa picha, nikachomwa sindano, nikangoja. Majibu yalipotoka yalisema ni ule uvimbe wa nyama na nyuzi, si saratani, na nirudi baada ya miezi kadhaa utazamwe kama umekua.

Nyumbani walishukuru Mungu, kisha wakapiga hesabu. "Nauli yote ile, kumbe hakuna kitu!" alisema shemeji mmoja, na watu wakacheka, nami nikacheka nao. Hakuwa na nia mbaya. Lakini kauli ile, nimeona baadaye, ina nguvu ya kumzuia mwanamke anayefuata kuliko umbali wa Mwanza. Aliyeisikia atakapokuta cha kwake, hataogopa ugonjwa tu. Ataogopa pia kuwa mzima, arudi achekwe kwa kupoteza fedha ya watoto.

Ili wanawake wagundulike mapema, ni lazima wengi waende na wakutwe hawana kitu. Njia nyingine haipo, kwa kuwa hakuna ajuaye kabla ya kwenda ni nani atakayekutwa nacho. Mahali ambapo karibu kila anayefika anakutwa na saratani iliyokomaa, hospitali yake haijawa hodari kuliko nyingine. Watu wake wanafika wakiwa wamechelewa. Safari za bure ndizo bei ya ile safari moja isiyo ya bure, na bei hiyo tunailipa pamoja, aliyekutwa mzima akiwa amelipa sehemu ya aliyewahiwa.

Hivyo ndivyo nilivyomjibu mama mkubwa hatimaye: kinachouma, mama, kitanipeleka chenyewe, kisichouma ndicho kinachonihitaji nikiamulie. Hakukubali yote. Alitaka kujua fedha zitatoka wapi kila mara, na swali hilo ni halali. Kwa hiyo mwaka huu, pamba ilipouzwa, tulikaa mimi na mume wangu tukagawa kama kawaida: mbegu, dawa ya kupulizia, ada za watoto, kadi ya bima. Chini yake tumeandika nauli ya kwenda na kurudi Mwanza kwa watu wawili. Isipotumika, itaingia mwaka ujao. Ikitumika na nikarudi tena bila kitu, tutaandika nyingine.